Jinsi ya kubadilisha hosi za breki kwenye Datsun 240Z (na gari zingine za zamani)

Ukitaka kujua ukweli wa breki zako, shuka na gari kutoka Kapchorwa kuelekea Mbale, huku mashariki mwa Uganda. Mimi nilishuka na Datsun 240Z ya 1972, gari alilotuachia marehemu baba mdogo, na kabla mteremko wa Sipi haujaisha nikaanza kusikia harufu ya kitu kinaungua, usukani unavuta kushoto, nikasimama pembeni kuangalia, gurudumu la mbele kushoto linafuka moshi. Nikalimwagia maji ya kunywa yakalia chwaaa (usifanye hivyo, diski ya moto ukiimwagia maji inaweza kupinda au kupasuka, mimi nilikuwa nimechanganyikiwa). Tukakaa pale kama nusu saa, watoto wametuzunguka, kisha gurudumu likaachia lenyewe tukaendelea na safari kama vile hakuna kilichotokea.

Fundi wa kwanza akasema kalipa (kile kinachobana padi kwenye diski) imekwama, nikanunua kalipa. Wa pili akasema padi ni feki, nikanunua padi. Baada ya wiki mbili tatizo likarudi vilevile, na hapo hela imeisha. Mzee mmoja wa kule Ndeeba, Kampala, ndo alishika hosi ya breki, ule mpira unaopeleka oili ya breki gurudumuni, akaikunja kidogo akacheka, akaniambia "Kijana wangu, hii inaweza kuwa rika lako." Tulipoitoa akaichana kwa wembe toka mwanzo mpaka mwisho. Nje nyeusi, nzuri, haina ufa hata mmoja. Ndani mpira umevimba mpaka tundu limebaki la kupitisha sindano, na kuna kigozi kimening'inia kama ulimi. Ukikanyaga breki mguu una nguvu, oili inapita kwa lazima. Ukiachia hakuna cha kuisukuma irudi kwa nguvu ile, ule ulimi unaziba njia, padi zinabaki zimeng'ang'ania diski mpaka oili ijipenyeze kidogo kidogo.

Kwa hiyo shika hili moja: hosi inaweza kuoza ndani kabla haijaoza nje. Ukisubiri uone nyufa umechelewa sana.

Gari zenyewe hizi sio za mchezo. 240Z ndo ilishinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1971 na tena 1973, na aliyeshinda ile ya 1973 ni Shekhar Mehta, mzaliwa wa hapahapa Uganda, kwa hiyo mtu asikwambie hii gari haiwezi barabara zetu. Ila gari za mashindano zinafunguliwa na kukaguliwa kila mara, yako imekaa bandani na mpira wa zamani.

Kwanza pima, usinunue kitu

Gurudumu likiwa limeshika (uendeshe kidogo, ukanyage breki mara kadhaa mpaka lishike), piga jeki ulizungushe kwa mkono. Limekaza? Nenda kwenye masta silinda (ile inayosukumwa na padeli, yenye chupa za oili juu), legeza kidogo tu nati ya paipu inayoenda mbele, weka kitambaa chini. Gurudumu likiachia, ugonjwa uko juu, kwenye masta yenyewe au padeli hairudi hadi mwisho. Kama bado limeshika, kaza ile nati, shuka chini ufungue nipo, kile kiskrubu cha kutolea upepo pale kwenye kalipa. Oili ikiruka na gurudumu likaachia hapohapo, basi hosi imeziba, umeshampata mwizi. Na kama umefungua nipo na bado gurudumu gumu, hapo sasa ni pistoni za kalipa zimekwama kwa kutu. Dakika kumi tu, na mimi zingeniokolea bei ya kalipa nzima.

Dalili zingine: mwambie mtu akanyage padeli kwa nguvu huku wewe umeshika hosi, ukihisi inavimba mkononi kama mshipa, toa. Ukiikunja na nyufa ndogondogo zikafunguka, toa. Imelowa au ina kijasho karibu na kichwa cha chuma, toa hata usifikirie. Na padeli ikibaki laini hata baada ya kutoa upepo vizuri, hosi zinaweza kuwa zinatanuka na kumeza nguvu yako ya mguu.

240Z ina hosi nne, moja kwa kila gurudumu. Mbele, hosi inatoka kwenye bodi mpaka kwenye kibano cha shokapu, alafu kipaipu kifupi cha chuma ndo kinamalizia hadi kalipa. Nyuma ni dramu, nako kila upande una hosi yake sababu kila gurudumu linacheza lenyewe. Badilisha zote nne siku moja. Ukibadilisha moja tu gari linaweza kuvuta upande, na zile tatu zilizobaki umri ni uleule. Ya tano ni ya klachi, mfumo wake uko mbali lakini mpira ni wa umri huohuo, mi niliibadilisha palepale.

Kununua

Pale Kisekka, soko la spea Kampala, utaambiwa "hii inaingia ssebo, inaingia kabisa." Usikubali maneno, nenda na ile ya zamani mkononi. Linganisha urefu, thredi, na umbo la kichwa kinachokaa kwenye kibano. Datsun inatumia thredi ya M10 kwa 1.0, kama Wajapani wengi. Gari za Kiingereza za wakati ule kama MGB zinatumia thredi za inchi, 3/8, na hapa ndo watu wanaumia: nati ya 3/8 inaingia kwenye tundu la M10, inazunguka vizuri tu, unadhani umefunga, kumbe imeshika kwa ncha za meno. Siku ukikanyaga breki ya ghafla inang'oka. Nati ikiingia inachezacheza, hiyo sio yake.

Soma maandishi kwenye mpira. Hosi ya maana imechapwa alama ya viwango, DOT au SAE J1401, na nyingi zina tarehe ya kutengenezwa. Hosi iliyokaa kwenye shelfu ya duka miaka kumi nayo ni mzee, hata kama iko ndani ya nailoni. Isiyo na maandishi yoyote mrudishie mwenyewe.

Sasa kuna wale wa kukwambia nenda kwa watu wa hosi za haidroli wakubanie kwa mashine, ni rahisi na inashika presha. Presha itashika kweli. Shida ni mpira wa ndani: hosi nyingi za trekta na greda zimetengenezwa kwa oili ya madini, na oili ya breki inaula mpira ule taratibu, baada ya muda unarudi kwenye ulimi uleule. Kama anayekubania ana hosi yenyewe ya breki na vichwa vyake sawa, vinginevyo hapana. Na yule wa kukata mpira katikati aunganishe na klipu, huyo mwambie asante mzee, ondoka.

Hosi za kusukwa na waya? Zinakupa padeli ngumu nzuri, kweli. Ila kwa barabara zetu za vumbi jekundu na matope, mchanga unaingia kati ya waya na bomba la ndani unalisaga polepole bila wewe kuona, na waya ukigusa kitu unakikata kama msumeno. Ukizitaka basi chukua zilizofunikwa plastiki juu. Mimi nilirudi kwa mpira.

Oili ya breki chukua DOT 3 au DOT 4, kopo lililofungwa. Lile ulilofungua mwaka jana limeshanyonya unyevu wa hewa, na huku kwetu mvua haziishi. DOT 4 mpya inachemka kwenye 230°C au zaidi, ikishanyonya maji inaruhusiwa kushuka hadi 155, na kwa mteremko mrefu hiyo tofauti utaiona kwa padeli kuzama mpaka sakafuni. DOT 5 ile ya silikoni usichanganye na hizi.

Kuna kitu lazima niseme hapa. Garaja moja waliongeza oili ya injini kwenye chupa ya breki ya gari la rafiki yangu, eti ilikuwa imepungua. Mipira yote ilivimba, masta, kalipa, hosi, kila kitu, ilibidi abadilishe vyote. Kama unanunua gari na humwamini aliyekuwa nalo, chukua tone la oili kwenye ile chupa uweke kwenye glasi ya maji ukoroge. Oili ya breki ya DOT 3 au DOT 4 inachanganyika na maji. Ikielea juu kama mafuta ya kukaangia, hiyo sio oili inayotakiwa na kazi yako imeongezeka mara tano.

Vifaa

Jeki, stendi mbili nzuri, wili spana, brashi ya waya, koleo, nyundo ndogo, kopo la dawa ya kulainisha kutu, tyubu nyembamba inayoonyesha ndani, chupa tupu ya maji, vitambaa vingi. Na cha muhimu kuliko vyote, spana namba 10 ya paipu, ile kama ringi iliyokatwa mdomo kidogo ili ipite kwenye paipu. Spana ya kawaida ya mdomo wazi inashika pande mbili tu na nati za breki ni laini, itazila kona mara moja utabaki unalia. Kama huna, azima.

Kazi yenyewe

Jana yake jioni piga viungo vyote na brashi ya waya mpaka matope yote yatoke, alafu pulizia dawa ya kutu uache ilale. Hii hatua watu wanairuka, na ndo inayoamua kama kesho utafanya kazi masaa matatu au siku tatu.

Asubuhi weka gari kwenye saruji au ardhi ngumu. Sio kwenye udongo mvua ikiwa imenyesha, stendi inazama taratibu na wewe uko chini. Mawe nyuma ya magurudumu, inua, weka stendi chini ya sehemu ngumu ya chesi, sukuma gari kwa bega kabla hujaingia. Jeki peke yake haikuachi na mguu. Funika rangi ya bodi karibu na masta, oili ya breki inatoa rangi kama dawa, ikidondoka mwagia maji mengi papo hapo.

Ujanja mmoja: tafuta kijiti ukandamize padeli ya breki chini kidogo, kama sentimita tatu, ukiegemeze kwenye kiti ibaki hapo. Pistoni za masta zinaziba matundu ya chupa, kwa hiyo ukifungua hosi oili haimwagiki yote na upepo hauingii mwingi. Usikandamize mpaka chini.

Anza na gurudumu moja, maliza, ndo uende lingine, ili daima una mfano wa kuangalia. Fungua kwanza nati ya paipu ya chuma upande wa bodi. Spana moja inashika kichwa cha hosi kisizunguke, nyingine inazungusha nati. Angalia paipu! Nati ikizunguka na paipu ikajikunja nayo, simama. Hosi ni ya kutupa, lakini paipu ya chuma ukiivunja unaanza kutengeneza paipu mpya. Rudisha nyuma kidogo, pulizia dawa, ngoja, cheza mbele na nyuma.

Ikikataa kabisa, fanya hivi. Kata mpira wa ile hosi ya zamani, chomoa klipu, toa kichwa kwenye kibano, alafu ishike nati isitembee na uzungushe kichwa cha hosi kwa ringi au soketi. Yaani unaifungua hosi kutoka kwa paipu badala ya paipu kutoka kwa hosi. Paipu haijikunji, nati haili kona. Mbili kati ya nne zangu zilitoka hivyo, na haikunigharimu kitu sababu ile hosi inaenda jalalani. Moto wa gesi usisogeze hapo, oili ya breki inawaka.

Ikishalegea, chomoa klipu bapa kwa koleo, igonge kidogo na nyundo ikibidi (zihifadhi hizo klipu, kuzipata ni shida), toa hosi, ziba paipu kwa kifuniko kidogo cha mpira vumbi lisiingie.

Kufunga hosi mpya ni kurudi nyuma lakini kuna mambo. Ikiwa upande mmoja unaingia wenyewe kwa thredi zake, anza na huo, sababu hosi yote inazunguka pamoja nao, ndo umalizie na upande wa kibano. Nati ya paipu ianze kwa vidole, mizunguko mitatu minne bila spana. Ikigoma kwa vidole imeingia kombo, toa uanze tena. Tepu ya mafundi bomba usiweke, pale chuma kinalala juu ya chuma ndo kinaziba, tepu inakatika vipande vinaenda kuziba masta. Kaza imara, kama una spana ya kupima ni kati ya 15 na 18 Nm, bila hiyo ni nguvu ya mkono, sio ya mwili mzima.

Alafu angalia mstari uliochorwa kwenye mpira. Uende moja kwa moja. Ukiuona umezunguka kama kamba, hosi imejikunja, legeza unyooshe, maana mpira uliosokotwa hata mpya haudumu. Zungusha usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, magurudumu yakining'inia, uangalie hosi haivutiki wala haigusi tairi wala springi. Rudia gari likiwa chini kwenye uzito wake.

Kutoa upepo

Hapa unahitaji mtu wa pili, na awe mtu anayesikia. Mimi nilikuwa na mpwa wangu wa miaka kumi na tatu, mguu wake unafika kwenye padeli kwa shida, tulikuwa hivi:

"Kanyaga!"
"Nimekanyaga anko!"
"Shikilia... usiachie... bado... haya achia."
"Nishaachia zamani!"

Na upepo umeshaingia tena. Basi mkubaliane mapema: hakuna kuachia mpaka wewe useme umefunga, na yeye ajibu kwa sauti.

Weka kipande cha mbao chini ya padeli isishuke hadi sakafuni. Kwenye masta ya zamani ile sehemu ya mwisho ya silinda pistoni haijafika miaka mingi, kuna kutu, ukipeleka mipira huko inachanika na kesho masta inavuja. Kama dramu za nyuma zimelegea zirekebishe kwanza, zisipobana padeli itakuwa ndefu na utadhani ni upepo.

Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Gari zetu zina usukani kulia, kwa hiyo nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Tyubu kwenye nipo, mwisho wake uzame kwenye oili kidogo ndani ya chupa. Anakanyaga polepole, unafungua nipo, oili na mapovu yanatoka, unafunga, ndo anaachia. Rudia mpaka mapovu yaishe na oili itoke safi, yangu ya kwanza ilitoka nyeusi kama chai ya rangi iliyokaa. Kila mara tano sita angalia chupa za juu, ziko mbili, ikikauka hata moja unaanza upya. Oili iliyotoka usirudishe, na usimwage kwenye mtaro, iweke kwenye kopo.

Kabla ya kutoka getini

Washa injini, mtu akanyage kwa nguvu ashikilie dakika nzima. Wewe pita kila kiungo na karatasi ya chooni kavu. Karatasi inaona unyevu ambao jicho halioni. Padeli ikishuka polepole chini ya mguu, kuna mahali panavuja au masta imechoka, usitoke.

Ikiwa sawa, tembea uani kwa mwendo wa miguu, handibreki mkononi, simama mara kadhaa. Alafu barabara tulivu ya tambarare, 20 kwa saa, simama, 40, simama. Endesha kama dakika kumi, simama bila kukanyaga sana, pitisha kiganja karibu na kila rimu. Mbele zitakuwa na joto kuliko nyuma, hiyo ni kawaida, lakini kushoto na kulia zifanane. Mimi niliporudi kutoka mzunguko wa kwanza, ile ya mbele kushoto ilikuwa na joto sawa na mwenzake, mara ya kwanza tangu tulichukue lile gari.

Kesho yake asubuhi pita tena na karatasi, na tena baada ya wiki. Kiungo kikitoa kijasho kaza kidogo, kikiendelea fungua usafishe uso wa paipu, usiendelee kukaza tu mpaka nati ipasuke. Andika tarehe kwa rangi nyeupe kwenye kichwa cha kila hosi, oili ubadilishe kila miaka miwili. Mteremko wa Sipi usiuendee kabla ya hiyo wiki kuisha.